Je, Mzazi ni Jani Linalokauka?

Kuna hoja inayozunguka katika mabweni yetu, na kila ada inapokaribia kudaiwa huzunguka kwa kasi zaidi. Mzazi ameuza ng'ombe, au amekata mikaratusi yake kabla haijakomaa, au amekodisha shamba kwa misimu mitatu, ili mtoto asizuiwe mlangoni mwa chumba cha mtihani. Mtoto akiulizwa kama moyo haumuumi, hujibu kwa utulivu: ndivyo maumbile yalivyo, jani la zamani hukauka ili mbegu ikomae, baba ametimiza zamu yake, nami nitatimiza yangu kwa wanangu. Wanaosoma sayansi huongeza kwamba jambo hili limethibitishwa, kwamba jani linapozeeka huhamishia utajiri wake kwenye mbegu, na kwamba mmea ambao majani yake yanang'ang'ania ukijani huzaa mbegu dhaifu.

Hoja hii husemwa na vijana wema, na wengine huisema machozi yakiwalengalenga, kwa hiyo haifai kuijibu kwa kukemea. Inafaa kuichukua kama ilivyo na kuiuliza maswali mawili. Je, ni kweli kuhusu jani? Na ikiwa ni kweli kuhusu jani, je, inatupa ruhusa yoyote kuhusu baba? Mimi nasoma mimea, hivyo swali la kwanza litanichukua muda kidogo. Wenzangu wa sheria na uchumi wavumilie, habari ya ada itarudi.

Tuanze na lililo kweli. Jani halizeeki kama kandambili. Kandambili huisha kwa kusuguliwa na barabara, lakini jani linapogeuka manjano huwa liko kazini. Seli zake hubomoa kwanza kloroplasti, vile viwanda vya kijani vinavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kwa sababu humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya naitrojeni ya jani. Protini hukatwakatwa, vipande vikapakiwa kwenye mirija ya kusafirishia chakula, vikapelekwa kwenye mbegu, kwenye mizizi au kwenye majani machanga. Kiini cha seli na mitokondria, vinavyoendesha kazi hiyo, hubaki hadi karibu na mwisho, kama mtunza ghala anayetoka baada ya wote na kufunga mlango. Jani lililokatwa kwa panga likiwa bado bichi halipati nafasi hiyo. Hufa na mali yake ndani.

Na ni kweli pia kwamba kuchelewa kuna gharama. Mwaka 2006 kundi la watafiti, wakiwemo Cristobal Uauy na Jorge Dubcovsky, lilichapisha habari za jeni moja iliyopatikana katika ngano mwitu. Walipoinyamazisha jeni hiyo na ndugu zake katika ngano ya kawaida, majani yalikaa kijani kwa zaidi ya wiki 3 kuliko ilivyo desturi. Shamba lilipendeza machoni. Lakini protini, zinki na madini ya chuma katika punje vilipungua kwa zaidi ya asilimia 30. Ukijani uliobaki kwenye jani ulikuwa umekatwa kutoka kwenye mkate.

Sisi tuliokulia kwenye nchi za migomba, kuanzia Bukoba kupitia Uganda hadi Bujumbura na Bukavu, hatuhitaji ngano ili kuelewa hili. Kila shina la mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha kazi yake imekwisha. Pembeni yake tayari limesimama chipukizi, na pembeni ya chipukizi jingine dogo zaidi. Wakulima wengi huyaita mama, binti na mjukuu.

Wasemaji wetu huishia hapo. Hawaulizi jani limejuaje kwamba saa imefika. Mama anayelima lengalenga nyuma ya nyumba (mchicha, kwa wasomaji wa pwani) ana sehemu ya jibu. Akivunja vichwa kila wiki kabla havijatoa mbegu, mmea huendelea kumpa majani laini muda mrefu. Akiuachia ukatoa mbegu, majani hugeuka magumu, yakapauka, mmea ukaisha. Mmea ni uleule, udongo uleule, na jua lile lile. Kilichobadilika ni habari zinazopita kati ya sehemu moja ya mmea na nyingine.

Habari hizo husafiri vipi, katika kiumbe kisicho na mishipa ya fahamu? Kwa miaka mingi vitabu vilitaja homoni chache ambazo ni molekuli ndogo za kawaida, na protini hazikufikiriwa kuwa wajumbe katika mimea. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1991, Clarence Ryan na wenzake huko Marekani walipotoa kwenye majani ya mnyanya kipande kifupi cha protini, yaani peptidi, chenye asidi amino 18 tu, ambacho huamsha kinga ya mmea pale mdudu anapotafuna jani. Tangu hapo zimegunduliwa peptidi nyingi zinazotengenezwa ndani ya seli moja, zikatolewa nje, zikasomwa na seli jirani. Moja huizuia ncha ya mmea isinenepe kupita kiasi. Ile nyanya kubwa yenye vyumba vingi unayoikata jikoni imetokana na mimea ambayo zuio hilo lililegea. Nyingine, iliyoelezwa mwaka 2003, huamrisha petali zidondoke. Bila yake petali za ua hunyauka lakini hubaki zimening'inia, kwa sababu hata kuanguka kunahitaji neno.

Ninayotaka kukaa nayo ni ile iliyogunduliwa Nagoya, Japani. Watafiti wa seli za mimea walikuwa na kero moja ya siku nyingi. Ukichukua seli za asparaga, ambayo ni mboga inayopendwa sana Ulaya na Asia, ukazitawanya kwenye maji yenye chakula chote kinachohitajika, zikiwa nyingi hugawanyika. Zikiwa chache hukaa tu. Hazifi upesi, lakini hazikui. Chakula kipo, hewa ipo, homoni zinazojulikana zipo. Sasa chukua maji yaliyokwisha kutumiwa na seli nyingi, yachuje usibakize hata seli moja, uyamimine kwenye chombo chenye seli chache. Zinaanza kugawanyika. Maana yake ni kwamba zile nyingi zilikuwa zimeacha kitu ndani ya maji.

Mwaka 1996 Yoshikatsu Matsubayashi na Youji Sakagami walikitaja kitu hicho. Ni peptidi ya asidi amino 5, ndogo mno, ambayo mbili kati ya asidi hizo zimefungiwa salfa. Waliiita faitosalfokini. Seli huitengeneza kama protini ndefu, huitia salfa, huikata na kuitoa nje, na seli jirani huwa na kipokezi kwenye utando wake kinachoishika. Baadaye, mwaka 2006, ikaonekana inahusika na uzee pia. Mimea midogo ya jamii ya haradali iliyokosa kipokezi kimoja cha peptidi hiyo ilichipua na kukua, lakini majani yake yalizeeka kabla ya wakati, na kadiri yalivyokomaa ndivyo seli zake zilivyopoteza uwezo wa kuanza upya. Mimea iliyopewa vipokezi vingi kupita kawaida ilikuwa na majani yaliyodumu zaidi.

Kisha ukaja mmea ambao ningeuita bubu. Mwaka 2009 watafiti walieleza mmea uliokosa kimeng'enya kile kinachotia salfa kwenye peptidi za aina hii. Seli zake ziliendelea kutengeneza protini, lakini ujumbe ulitoka bila muhuri. Mmea huo ulidumaa, mizizi yake ikawa mifupi, majani yakapauka na kuzeeka mapema, maua yakawa machache. Haukukosa mbolea wala maji. Neno moja halikusikika sawasawa kati ya seli na seli.

Mwaka 2022 Matsubayashi na wenzake waliongeza jambo ambalo kwangu ndilo geni kuliko yote. Kwa kawaida kipokezi hukaa kimya hadi ujumbe ufike, kama mlinzi anayeamka mlango unapogongwa. Kwa ukoo mwingine wa peptidi zenye salfa, waligundua vipokezi vitatu vinavyofanya kinyume. Ujumbe ukifika, vinatulia na seli inaendelea kukua. Ujumbe ukikoma, vinapiga king'ora, na seli inaacha kukua ili ijiandae kwa balaa. Faida inayowezekana ni hii: seli iliyojeruhiwa au kuungua haina nguvu ya kutengeneza ujumbe wowote, hata wa kuomba msaada. Lakini jirani yake hahitaji kuombwa. Kukoma kwa zile salamu za kila siku ndiyo habari yenyewe.

Kwa hiyo swali letu la kwanza lina jibu lililogawanyika. Ni kweli kwamba jani linapozeeka huhamisha mali yake. Si kweli kwamba jani lina zamu yake iliyoandikwa ndani yake, ikifika basi. Muda wa kuishi kwa jani unategemea sana kinachosemwa na kilicho kando yake. Yule anayesema "zamu ya baba imekwisha, ni maumbile" amesoma nusu ya ukurasa.

Sasa tazama jambo la kuchekesha. Mmea huohuo umetupa hotuba mbili zinazopingana. Ya kwanza inasema wazee wakauke, ni kanuni. Ya pili, ambayo bila shaka msomaji ameiona ikija tangu aya tatu zilizopita, inasema wazee huzeeka kwa kunyamaziwa, basi tuwapigie simu. Hii ya pili ni tamu zaidi, na ukumbini ingepigiwa takbira. Lakini kama ya kwanza ni ujanja, ya pili nayo ni ujanja, kwa sababu kila msemaji amechomoa kwenye mmea kile alichokuwa nacho mfukoni tangu mwanzo. Wa tatu angeweza kusimama akasema kwamba mti mkubwa huinyima mwanga miche iliyo chini yake, basi wenye nacho wawanyime maskini. Na mkulima wa migomba, akishabakiza mama, binti na mjukuu, huyang'oa machipukizi mengine yote yasinyonye shamba. Sijamsikia bado mtu akishika kipaza sauti kwenye harusi na kuwausia maharusi wafanye hivyo.

David Hume, Mskoti wa karne ya 18, alilalamika kwamba waandishi wa maadili huanza kwa kueleza mambo yalivyo, kisha bila kuaga huhamia kwenye yanavyopasa kuwa, wala hawatuonyeshi daraja walilovukia. Lalamiko lake linatuhusu sisi kuliko tunavyopenda kukiri. Tumelelewa kuwatazama viumbe kama ishara, na ni malezi mema. Lakini tuna haraka. Tukiona chungu amebeba punje, tayari tuna mawaidha; tukiona jani limeanguka, tayari tuna hukumu ya mirathi. Jani ni kitu cha kutafakari, si fatwa. Mfano unaweza kumulika jambo lililokuwa gizani tukaliona, lakini baada ya kuliona bado tunahitaji kulipima kwa kipimo kingine.

Basi tutafute kipimo. Ibn Sina alipozipanga nafsi kwa daraja, aliipa mimea nguvu tatu: kujilisha, kukua na kuzaa. Kuhisi, na kujongea kwa kutaka, alikuweka kwenye daraja ya wanyama. Yaliyogunduliwa Nagoya yamepanua sana picha ya kile mmea unachoweza kufanya, lakini sioni kama yamegusa mstari huo. Kipokezi kinashika peptidi au hakishiki. Hakijiulizi kama kishike.

Na hapa ndipo hoja ya bwenini imejificha nyuma ya kitenzi kimoja. Tunasema jani "linatoa" naitrojeni yake kwa mbegu. Halitoi. Linavunwa, tena kutoka ndani. Ngano haikuwa na ubahili jeni ile iliponyamazishwa, wala haikuwa na ukarimu kabla ya hapo. Kutoa ni tendo la mwenye kuweza kuzuia. Anayetoa ana nia, na nia hiyo ndiyo inayofanya noti moja kuwa sadaka, nyingine kuwa kodi na nyingine kuwa mali iliyoporwa, ingawa zote ni karatasi ileile. Baba aliyeuza ng'ombe angeweza kutomwuza. Alikuwa na majirani waliomwambia asimwuze, alikuwa na paa linalovuja, alikuwa na goti linalohitaji daktari. Alisimama sokoni akiwa na kamba mkononi, na angeweza kugeuka arudi nyumbani na ng'ombe wake. Ukimwita jani, umemfutia dakika ile ya sokoni, na pamoja nayo umefuta kila kitu alichokufanyia, ukamwachia ulaji wa naitrojeni tu.

Wazee wetu wana methali: mgomba haushindwi na mkunguwe. Mzazi halemewi na mwanawe. Ni methali nzuri, na huenda mtu akadhani inaunga mkono hoja ya bweni. Lakini angalia ni nani anayestahili kuisema. Mama aliyebeba kuni mgongoni na mtoto kifuani akiisema, ni fahari. Mkungu ukiisema, ukiwa unaning'inia hapo juu, maneno ni yaleyale lakini si methali tena.

Kama mzazi ni mtoaji, basi deni lina mwenyewe. Mbegu ya ngano haidaiwi na jani, na inaweza kwa haki kabisa kwenda kuwa ngano na kulisha mbegu nyingine. Ndiyo maana "nitatimiza kwa wanangu" ni sahihi kwa ngano. Kwa mtu ni kama kukopa kwa Juma na kumlipa Hamisi, kisha kujisifu kwamba hudaiwi. Watoto wako watakuwa na haki zao, na hazitapungua kwa sababu wewe ulimaliza haki ya mama yako kwa jina lao. Katika kisa cha Hayy ibn Yaqzan, alichokiandika Ibn Tufayl huko Andalusia katika karne ya 12, mtoto analelewa kisiwani na paa jike aliyemnyonyesha. Hana mwalimu, hana kitabu, hana hata lugha. Ana maumbile peke yake, yale yale ambayo wasemaji wetu wanayaitia ushahidi. Paa anapozeeka na kudhoofu, mtoto humwongoza kwenye malisho mazuri, na humchumia matunda matamu akamlisha. Ibn Tufayl alikuwa tabibu, aliwajua wanyama, na sidhani alitaka kutuaminisha kwamba hivyo ndivyo ilivyo desturi ya porini. Alimweka kisiwani kiumbe mwenye hiari, akatuonyesha afanyalo kiumbe wa namna hiyo kwa aliyemlisha.

Nimesema kutoa ni tendo la anayeweza kuzuia. Hapo linafuata jambo ambalo halizungumzwi sana kwenye mihadhara yetu kuhusu wazazi, kwa kuwa tunapenda zaidi kuzungumzia upole wa sauti na kubusu mikono. Ikiwa uwezo wa kusema hapana ndio unaomtenga baba na jani, basi inawezekana kumgeuza baba kuwa jani bila hata kumvunjia heshima. Mnyime habari.

Sote tunajua inavyofanyika. Ada ni kiasi fulani, kwenye ujumbe wa kwenda nyumbani inakuwa kiasi hicho na nusu yake. Kuna malipo ya maabara ambayo maabara haiyajui. Kuna aliyepata ufadhili wa nusu ada tangu mwaka wa kwanza, na nyumbani hawajaambiwa. Kuna asiyedanganya hata senti, ila hungoja hadi saa nne usiku ndipo aandike kwamba mwisho ni kesho, akijua fika kwamba mtu mwenye saa kumi mbele yake hachagui, anatafuta tu wa kumkopesha. Huyu wa mwisho hujiona mwaminifu kuliko wenzake. Madrasa tulifundishwa, tukiwa wadogo hata kabla ya kujua kuhesabu noti, kwamba mali ya mtu huwa halali kwako kwa ridhaa yake. Ridhaa ya mtu asiyejua anachoridhia ni ridhaa ya nini hasa? Fedha imefika, baba ametuma mwenyewe kwa mkono wake, hakulazimishwa na yeyote. Na bado imevunwa, kutoka ndani, kwa ujumbe alioandikiwa ili mkono huo ufanye kile kilichokuwa kimeshaamuliwa chumba namba fulani cha bweni.

Mtu ataniambia: wewe hujui akina mama. Mama yangu hataki kusikia hesabu. Nikianza kumweleza ananikatisha, ananiambia nisome tu, mengine nimwachie yeye na Mungu. Nikimwambia mambo yote nitamwongezea presha bure.

Pingamizi hili ni la kweli, na sitaki kulipita kwa haraka. Wapo wazazi ambao kutojua ni sehemu ya zawadi yao. Wanajua kwamba wakiijua jumla yote ya miaka mitatu au minne wataogopa, na hawataki kuogopa, wanataka kwenda hatua kwa hatua. Lakini tazama mama huyu amefanya nini. Amepewa nafasi ya kujua, naye ameikataa. Huko nako ni kuchagua. Ni tofauti kabisa na yule ambaye mtoto amemkatalia kwa niaba yake, kisha akaita jambo hilo huruma. Mlango uwe wazi, yeye aamue kuufunga. Na uwe wazi mara zaidi ya moja, kwa sababu mama aliyekataa kusikia mwaka wa kwanza, akiwa na duka, huenda mwaka wa tatu, duka likiwa limefungwa, akataka kusikia na asijue pa kuanzia kuuliza. Kuhusu presha, nimeona inapanda zaidi kwa ujumbe wa saa nne usiku kuliko kwa hesabu iliyoletwa miezi miwili kabla.

Linabaki jambo moja ambalo hoja ya jani na mbegu haina hata nafasi ya kulitaja, kwa sababu ndani yake kuna watu wawili tu, mzazi na msomi. Katika nyumba nyingi tulizotoka kuna wa tatu. Ni dada, mara nyingi mdogo, aliyeacha shule kidato cha pili kwa kuwa ada za wawili hazikutosha na ilionekana wewe umeshakaribia kumaliza. Au ni kaka aliyepelekwa kuchunga. Baba anaweza kuridhia kwa niaba ya ng'ombe wake, kwa kuwa ng'ombe ni mali yake. Miaka ya shule ya binti si mali yake kwa namna ileile, na ridhaa aliyoitoa kwa jina la binti huyo inanitia shaka zaidi kuliko ile ya sokoni. Pengine hakukuwa na njia nyingine. Umaskini huzifunga njia kweli, na sitamhukumu mzazi aliyelazimika kuchagua mtoto mmoja kati ya wawili. Lakini mtoto aliyechaguliwa hana ruhusa ya kuongea kana kwamba hakuna aliyeachwa.

Huyo dada ndiye anayepokea simu ukipiga, kwa kuwa simu ya nyumbani hukaa kwake. Ndiye anayewasomea wazazi ujumbe wako wa ada, na anajua kusoma tarakimu. Ukimuuliza hali, atakujibu kwamba wote hawajambo. Jinsi ya kumlipa sijui kwa kila nyumba: kwingine ni ada yake ya mtihani wa marudio kabla ya kodi ya chumba chako cha kwanza ukianza kazi, kwingine ni cherehani, kwingine ameshaolewa na anachotaka ni wewe umsomeshe mwanawe. Pa kuanzia ni kumuuliza yeye mwenyewe, na kumpa jumla kamili ya fedha zilizotumika kwako, maana katika nyumba nzima pengine yeye ndiye pekee ambaye hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kusema hapana.